Malenge Yenye Majina

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza kwenye shamba la maboga la Mama James, jambo la kwanza analofunzwa ni kuficha kidole. Huku kwetu kila mtu huyaita malenge, na kila mtu anajua kwamba ukilinyooshea kidole boga changa, litakauka au litaoza. Unakunja ngumi na kuonyesha kwa ngumi. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, sayansi ikiwemo, na sijawahi kuona jambo hili likithibitishwa. Hata hivyo mimi pia huonyesha kwa ngumi. Sitaki kuwa mzee aliyemharibia jirani chakula kwa ajili ya sayansi.

Naitwa Kiplangat, mwalimu mstaafu. Boma langu na la Mama James yametenganishwa na ua wa kayaba tu, hapa Kimulot, mahali ambapo chai inaishia na msitu wa Mau unaanzia. Mke wangu Lenah husema najua mambo ya upande wa pili wa ua kuliko ya upande wetu. Ananionea. Mama James huweka simu kwenye sauti ya juu, kwa sababu masikio yake yalichoshwa na cherehani, na mimi asubuhi na alasiri huwa nje nakama ng'ombe. Mtu hawezi kukama na kuziba masikio kwa wakati mmoja.

Jina la Mama James ni Wacuka. Alikuja huku mwaka wa sabini na nane na mumewe Gichuki, kutoka Othaya, wakafungua duka la vitambaa karibu na kituo cha kuuzia majani chai. Gichuki alipima, yeye akashona. Sweta hakuzigusa, alisema hizo ni kazi ya mashine za mjini, lakini kaptura, marinda na mashati ya shule yetu yote yalipita chini ya sindano yake. Nilikuwa nikisimama mbele ya gwaride Jumatatu asubuhi nikitazama mishono ya mwanamke mmoja kuanzia darasa la kwanza hadi la nane. Na Kikipsigis chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu watano, ambao siku hizi huniomba msamaha kwa Kiingereza.

Mwaka wa 2008, wa fujo za baada ya uchaguzi, sitauzungumzia sana. Wakikuyu wengi kama wao waliondoka na hawakurudi. Yeye na Gichuki walilala kwetu wiki sita, na cherehani ikalala zizini chini ya nyasi kavu. James, mtoto wao wa pekee, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Alipanda lori lililokuwa likipeleka watu Nakuru, akafika Nairobi, akapata kazi, na tangu hapo amekuwa mgeni. Kwa hilo simlaumu. Kuna jingine nitamlaumu hivi punde.

Gichuki alifariki miaka tisa iliyopita, akazikwa pembeni mwa shamba lao la chai. James alipomwambia mama yake ahamie Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, akae naye, mama alimwuliza, "Na baba yako nimwachie nani?" Basi akabaki. Macho yalipofifia aliacha kushona sare, akapanda malenge kwenye kipande cha nyuma ya nyumba. Ukipita jioni utamsikia akiongea huko shambani. Mwanzoni nilidhani ana wageni.

"Anaongea na malenge," Lenah akaniambia. "Mtu akikosa wa kumjibu, anaongea na chenye kiko."

Miaka minne iliyopita James alimpigia simu kumwambia amepata mtoto msichana. Alikuwa amemwoa Nelvine, Mkipsigis kama sisi, wa kutoka upande wa Bomet. Harusi ya ofisini, isiyo na sufuria wala nyimbo. Siku hiyo Mama James alipenya kwenye tundu la ua bila hata hodi, akamkumbatia Lenah, kisha akanikumbatia na mimi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya Gichuki.

"Mwalimu," akasema, "nimezaliwa!"

Kwa asiyejua: kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hakuna kikao, hakuna kura. Bibi mwenyewe yu hai, anakula chakula chake, na jina lake tayari linatambaa sakafuni nyumba nyingine. Na si heshima tu. Kwao mtoto huyo ndiye bibi, amekuja mara ya pili, na bibi anaweza kufa akiwa hajaisha. James hakuwa na dada wala kaka, na huyu alikuwa binti yake wa kwanza. Mama James hakuuliza mtoto ameitwa nani. Angeulizaje?

Tangu siku hiyo, kila Jumapili alasiri, nilisikia sauti ikitoka upande wa pili wa ua: "James! Wacuka wangu hajambo?" Na James akijibu, "Hajambo, mama. Anakusalimia." Jumapili kwa Jumapili, miaka minne. Picha zilikuja kwenye simu yangu kwa sababu yake ni ile ndogo ya tochi. Zilikuja tatu kwa jumla. Mtoto mwenyewe hakuja. Mara gari limekwama gereji, mara kazi, mara mtoto ana kifua na Kimulot ni baridi. Mama James alikubali kila sababu, akaipokea kama mtu anayepokea chenji bila kuitazama.

Siku moja tulipokuwa tukichuma majani ya malenge alinieleza, na sikumwuliza. "Tangu Gichuki aende hakuna mtu ananiita Wacuka. Kanisani mimi ni Mama James. Sokoni mimi ni shosho, bibi wa kila mtu. Hilo jina sasa liko kwa huyo mtoto peke yake. Nikimwona nitajua halijapotea."

Halafu, mwezi wa sita mwaka huu, ikaja simu ya malenge.

Nelvine alikuwa ameona kwenye simu yake shamba fulani nje ya Nairobi ambako watu hulipa kiingilio ili watembee katikati ya maboga na kupigwa picha wameyakalia. Mtoto naye akaona, akalia kwamba anataka kwenda. James alilitaja kwa mzaha tu, kama mtu anavyotaja jambo ili mazungumzo ya Jumapili yasiishe mapema.

"Wanalipa?" Mama James akauliza, kwa sauti iliyonifanya niache kukama. "Wanalipa kuona malenge?"

"Ni mambo ya Nairobi, mama. Ni ya kupiga picha tu."

"James, mimi niko na malenge mpaka majirani wananihepa. Leta mtoto hapa. Hapa hakuna mtu wa kukata tiketi. Atakalia malenge mpaka achoke."

James akasema, "Wacha niongee na Nelvine."

"Ongea naye saa hii. Nangoja."

Akangoja. Mimi nikangoja. Ng'ombe akageuza kichwa kunitazama. Tulisikia mlango, tukasikia sauti ya mwanamke na sauti ya James zikipandana, halafu James akarudi. "Sawa, mama. Shule zikifunga. Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane."

Mama James hakusema asante, wala hakumsifu Mungu, na ni mtu wa kusifu Mungu hata maji yakichemka. Alisema, "Nipe urefu wa mtoto kutoka bega mpaka goti."

Fundi wa nguo hapangi ziara kama mimi na wewe. Sisi tungesema watafika, watakula, wataenda. Yeye aliipima ziara ile kila upande. Wakitoka Ruiru saa kumi na moja alfajiri, watafika saa sita. Chai kwanza, kwa sababu mtoto wa gari hana njaa, ana kichefuchefu. Shambani saa saba na nusu, kabla ya mvua, maana huku mvua ya saa tisa hufika kama mfanyakazi wa serikali siku ya mshahara. Baada ya shamba, chakula: mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, na kuku. Nelvine apewe mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kutoka kwa Lenah, ili asione kwamba amekuja kwa watu wasiomjua.

Kisha akatengeneza njia. Alihamisha mashina yaliyotambaa, akang'oa magugu, akatandaza nyasi kavu chini ya kila boga, akaacha kijia kinachozunguka shamba lote. Nilimwambia ni pana mno, anapoteza ardhi.

"Ni ya watu wawili," akasema. "Mkubwa mmoja, mdogo mmoja, wakishikana mikono."

Alinifanya niwe mdogo. Nasema kweli. Alinishika mkono, mzee wa miaka sitini na minane, akaniambia nipige hatua fupi, tukalizunguka shamba lile lote yeye akihesabu dakika kwenye saa ya Gichuki. Nilipinda magoti kadiri nilivyoweza. Lenah alisimama kwenye ua akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikakasirika, lakini mkono wa Mama James ulikuwa umenishika kwa nguvu hivi kwamba sikuthubutu kuutoa.

Ndipo akaleta sindano ya kushonea magunia. Kuna ufundi ambao watoto wa huku huujua wote: boga likiwa bado dogo, ngozi yake ikiwa laini, ukilichora hutoa utomvu, kidonda kinapona, na kovu linakua pamoja na boga. Herufi uliyoiandika ndogo kama punje ya mtama inakuja kuwa pana kama kidole. Alichagua maboga matatu yaliyokaa vizuri. La kwanza akaandika JAMES. La pili NELVINE. La tatu, lililokuwa jirani na kijia, mahali ambapo mtoto angelifikia bila kuinuliwa, akaandika WACUKA. Aliandika polepole, uso karibu na ngozi ya boga, miwani ikiwa imeteremka puani.

"Na yako iko wapi?" nikamwuliza.

"Yangu gani tena, Mwalimu? Ni hii."

Mwezi wa saba ulipita kwa ukungu na baridi. Maboga yalivimba, na majina yakavimba. Kila Jumapili Mama James alimweleza James jinsi yanavyoendelea, na kila mara alianza kwa kuuliza, Wacuka wangu hajambo, na kila mara Wacuka alikuwa hajambo. Gauni la mtoto lilikuwa la manjano, lenye mfuko mmoja mbele. Alilishona kwa mkono sehemu ambazo zamani angezipitisha kwenye mashine, akalifumua mara mbili. Sijui kama kuna mtu amewahi kuningojea hivyo. Nadhani hakuna.

Jumatano, siku tatu kabla ya ziara, James alinipigia mimi.

"Mwalimu, habari ya siku nyingi. Uko karibu na mama?"

"Niko kwangu."

"Basi toka nje kidogo. Niko na maneno."

Nikaenda nyuma ya zizi. Akasema, "Mtoto haitwi Wacuka."

Mama yake Nelvine alifariki kwa sukari wiki tatu kabla mtoto kuzaliwa. Nelvine alikuwa ameenda Bomet kuzika, uchungu ukamshika hukohuko. Shangazi zake wakafanya mambo ya kwetu. Sisi Wakipsigis hatumpi mtoto jina la mtu aliye hai. Tunawaita waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na yule ambaye mtoto atampigia chafya ndiye aliyerudi. Mtoto akiwa mvivu wa chafya, huwa kuna shangazi mwenye ugoro. Kawaida upande wa baba ndio hutangulia, lakini upande wa baba haukuwa na mwanamke hata mmoja chumbani humo. Shangazi mmoja akalitaja jina la marehemu, Chepkosgei.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni, Mwalimu. Alipiga chafya mara mbili. Nelvine akalia na kucheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi. Ningesema nini? Ningesema, hapana, kwetu ni Wacuka?"

"Hapo hukukosea," nikasema, na nilimaanisha. Siwezi kuwa Mkipsigis nikamkatalia mtoto chafya yake. "Ulikosea jioni yake. Mbona hukumwambia mama yako?"

"Niliposema nimepata msichana aliuliza hapo kwa hapo, 'Wacuka hajambo?' Nikasema hajambo. Nilimaanisha mtoto hajambo. Halafu Jumapili ikafika akauliza tena."

Huyu James nilimfundisha insha darasa la saba. Insha za kubuni alipata ishirini na tisa kwa thelathini, nikamsomea mbele ya darasa, nikajisifu. Nilisimama nyuma ya zizi langu nikatamani nirudishe alama zile zote.

"Na ndiyo maana hujamleta," nikasema.

"Nitamleta aje? Mama amwite Wacuka, mtoto aseme mimi si Wacuka? Hata tukienda kwa kina Nelvine huko Bomet, hiyo kona ya kuja Kimulot nashindwa kukata. Saa hii Nelvine amechoka. Amesema hawezi kumfunza mtoto kuitikia jina si lake. Mwalimu, mwambie wewe. Ukimwambia, tutakuja. Kama hatajua kufikia Jumamosi, itabidi niseme gari imeharibika."

Kutoka Bomet hadi hapa ni mwendo wa saa moja. Walikuwa wamefika Bomet, na zaidi ya mara moja. Hilo sijamwambia Mama James mpaka leo, na sitamwambia.

Jioni hiyo nilivuka ua. Nilimkuta akipiga pasi gauni la manjano kwa pasi ya makaa, akilowesha vidole na kuvipangusa kwenye mshono. Nikamwambia mvua inakuja. Akasema amesikia. Nikarudi nyumbani.

"Umeenda kumwambia mvua?" Lenah akaniuliza. "Mtu mzima?"

Nilikuwa mwoga kama James, na ndiyo maana nilikuwa nimemkasirikia hivyo.

Alhamisi asubuhi nikaenda tena. Alikuwa shambani akipangusa maboga kwa kitambaa chenye maji, akiondoa udongo kwenye herufi. Nikamwambia yote bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika nitazungumzia mvua. Nilimwambia kuhusu mazishi, shangazi, chafya mbili. Nilimwambia jina. Hakuacha kupangusa. Alipangusa boga lile moja mpaka likang'aa.

"Huyo mama ya Nelvine," akasema baadaye. "Aliona mimba?"

"Aliiona."

"Lakini mtoto hakumwona."

"Hakumwona."

"Hata mimi sijamwona," akasema.

Akakaa juu ya boga la JAMES, ambalo lilikuwa kubwa kiasi cha kumbeba. Ukungu ulikuwa bado haujainuka kwenye chai, na wachumaji walisikika wakiitana bila kuonekana. Nilidhani analilia jina. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, nilikuwa na maneno. Kumbe alikuwa akihesabu Jumapili.

"Ni mimi nilikuwa nawafungia mlango," akasema. "Kila Jumapili nauliza Wacuka, Wacuka. Kila nikiuliza, anashindwa kuja. Miaka minne, Mwalimu. Nimekaa hapa nikilia ati nimesahaulika, na ni mimi."

"Hapana!" nikasema, na nadhani nilipiga kelele. "Usijibebeshe hilo. Mwenye kosa ni James. Mtu mzima, baba wa mtoto, anadanganya mama yake kila wiki! Ningekuwa mimi ningemwambia asikanyage hapa."

Alinitazama bila hasira. "Wewe uko na watoto watano. Unaweza kukasirikia mmoja ukabaki na wengine. Mimi niko na huyo tu."



Aliinuka, akachukua panga, akalikata boga la WACUKA kwenye kikonyo. Lilikuwa halijakomaa vizuri. Lilihitaji kama wiki mbili. Akaniwekea mikononi. "Pelekea Lenah. Sitaki likuwe hapa Jumamosi."

"Mtoto ana miaka minne. Hajui kusoma."

"Nelvine anajua. Sitaki aje kwangu mara ya kwanza aanze kuniomba msamaha kwa sababu ya mama yake."

Nikamfuata mpaka ndani, boga kifuani, kwa sababu sikujua kama nimeambiwa niende au nibaki. Aliketi kwenye kiti cha cherehani. Haikuwa Jumapili. Akabonyeza simu, na James akaitika kabla haijalia mara ya pili.

"Mama? Umeongea na Mwalimu?"

Alisafisha koo kama afanyavyo kila wiki kabla ya swali lake, na uso wake ulikuwa umekazana kama mtu anayeinua gunia.

"James," akasema, "Chepkosgei hajambo?"

Alilitamka sawasawa, kwa Kikipsigis safi cha miaka arobaini na saba. Tukamsikia mwanamume wa miaka arobaini akilia.

"Mama, pole. Mama, mimi—"

"Sijakuuliza hiyo. Nimeuliza, Chepkosgei hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Bado anataka kuona malenge?"

"Anauliza kila siku."

"Basi mlete Jumamosi. Mtoke mapema, mvua isiwapate shambani. Na umwambie Nelvine gauni ya mtoto iko tayari, ikiwa kubwa nitapunguza."

Akakata simu, akaiweka juu ya cherehani, akainyoosha ikae sambamba na ukingo wa meza. Watakuja, nilijua watakuja. Alikuwa amepata ziara yake yote, kuanzia chai mpaka mursik. Aliikalia mikono yake ili nisiione.

"Sasa enda nyumbani, Mwalimu. Nataka kulia."

"Nimwite Lenah akae na wewe?"

"Hapana. Nimekaa peke yangu sana. Kulia mbele ya mtu nimesahau vile inafanywa."

Nikatoka na boga lenye jina lake kifuani, nikauvuta mlango nyuma yangu.